Moyo wa Mfanyakazi na Mkono wa Mwajiri



Wengi wetu humu tumeajiriwa. Tunakaa Bunju, Mbagala, Chamazi, na saa kumi na moja alfajiri tuko kituoni tunagombea daladala. Kwa hiyo tukizungumzia mfanyakazi asiye na moyo na kazi, hatusemi habari za wageni.

Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tunauona moyo huo kwenye karatasi kabla bosi hajauona. Ruhusa za ugonjwa zinaongezeka Jumatatu. Mafuta ya gari yanaisha kuliko kilomita zilizotembewa. Mashine ikiharibika, hakuna anayetoa taarifa. Ukirudi nyuma, mara nyingi unakuta ilipoanzia: mshahara ulianza kuchelewa, au michango ya NSSF ilikatwa na haikufika. Michango hiyo ni asilimia 20 ya mshahara, na hadi nusu yake hutoka kwa mfanyakazi mwenyewe. Akigundua haipo, utamhubiria nini kuhusu uaminifu?

Wazee wanaukumbuka Mwongozo wa TANU wa 1971, ibara ya 15, iliyowakataza viongozi ubwana na dharau. Mwaka 1973, hapa hapa Dar es Salaam, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia nje mwenye kiwanda, wakaendelea kuzalisha wenyewe. Watu wale hawakuikimbia kazi. Ugomvi wao ulikuwa na mwajiri.

Wapo pia wanaolipwa vizuri na bado wanageuza ofisi kuwa shamba la bibi. Hao Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina utaratibu wao.

Sasa tuje nyumbani. Katika kijitabu hiki mtaona bajeti ya zahanati: matofali, bati, saruji. Hapo ahadi hujaa mapema. Mstari wa mwisho ni mshahara wa mlinzi na mhudumu kwa miezi 12, nao ndio mgumu kuchangiwa, maana mshahara haupigwi picha. Mlinzi atalala pale na dawa na betri za sola, na mwajiri wake ni sisi. Anayetaka kuahidi mifuko 10 ya saruji, tunamwomba aandike minane, miwili aigeuze mshahara. Fomu ya mchango wa kila mwezi iko ukurasa wa nyuma. Mhazini anazipokea hapo mlangoni.