Mtaa Usio na Soko

Msikilizaji, fungu la nyanya la soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, na fungu la nyanya la gengeni Isyesye, pembezoni mwa jiji, unaweza kuyalipia hela ileile, lakini si fungu moja. La Isyesye limepungua nyanya mbili, pengine tatu, na zilizobaki zimeanza kulegea. Panda zaidi, kwenye mitaa inayokwea kuelekea mlima Loleza, fungu linazidi kusinyaa. Hakuna aliyeiba. Nyanya moja imeliwa na nauli ya bajaji, nyingine imeliwa na ushuru, ya tatu imepondeka njiani. Anayezilipia zote tatu ni mama aliyesimama pale gengeni na hela ya mboga mkononi.

Mbeya na Iringa tunapima viwanja, tunauza, tunajenga, tunahamia, na soko tunaliacha nyuma. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo. Soko la mtaa ni huduma ya lazima kama zahanati na maji, na mpaka halmashauri zetu zitakapolihesabu hivyo, watu wa pembezoni mwa miji hii wataendelea kula vibaya huku chakula kinapita mlangoni kwao.

Na kinapita kweli. Simama Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapokutana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Mikungu ya ndizi inateremka kutoka Rungwe, mchele unapanda kutoka Kyela, viazi vinatoka milima ya Uporoto vikiwa vimefungwa lumbesa. Vingi havilali Mbeya. Vinapakiwa kwenda masoko ya Dar es Salaam: Mabibo, Ilala na Kariakoo. Parachichi za Rungwe na Njombe zilizo nzuri zinachaguliwa kwa ajili ya wanunuzi wa nje ya nchi, sisi tunabakiwa na zile zilizokataliwa. Na usiku huohuo malori yanapita Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, yakiwa na viazi vya Njombe na mchele wa Usangu, yanaelekea hukohuko Dar es Salaam.

Sasa sikiliza takwimu. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano nchini ni asilimia 30. Iringa ilikuwa asilimia 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Mikoa inayolisha taifa ndiyo iliyoongoza kwa watoto waliodumaa. Ni kweli takwimu hizo zinachanganya vijiji na miji, na udumavu una sababu nyingi: mama anayeshinda shambani au kibaruani, mtoto anayelishwa uji mtupu mara mbili kwa siku, maji machafu, maradhi ya kuhara. Lakini sahani ya mtoto wa mjini inaanzia sokoni, na hapo ndipo mimi ninapotaka tuangalie.

Wamarekani wana kipimo chao cha kujua nani yuko mbali na chakula. Kwa mjini huangalia ni watu wangapi wanakaa zaidi ya maili moja kutoka duka kubwa la vyakula. Kipimo hicho kwetu hakifai. Hapa hakuna mama anayenunua mchicha supamaketi. Kwetu kipimo ni genge: liko umbali gani, lina nini, na linafunguliwa saa ngapi.

Mwenye genge anaamka usiku. Kabla hakujapambazuka yuko soko la Mwanjelwa au la Sido kwenye baridi ile ya Mbeya ya mwezi wa sita, anagombea tenga la nyanya na wenzake. Anarudi na mzigo uliobanwa kwenye bajaji. Saa moja ameshapanga: vitunguu vitatu vitatu, kabichi iliyokatwa robo, karoti mbili na hoho moja kwenye fungu moja, mafuta ya kupima, dagaa kwa kikombe. Jioni anakaa akikatakata majani ya maboga ili mteja anayechelewa kutoka kazini asipike usiku wa manane. Huyu mama anafanya kazi ambayo jiji lilipaswa kuipanga, na anaifanya bila paa, bila maji ya kuoshea mboga, bila choo. Mvua za masika zikikolea, anafunga. Siku hiyo mtaa mzima unakula ugali wa sembe na chochote kilichopo.

Na hana uwezo wa kuweka kila kitu. Mtaji wake mdogo unamlazimisha kuchukua kinachotoka haraka. Nyanya zinatoka, vitunguu vinatoka. Mayai machache. Papai likikaa siku tatu linaoza, kwa hiyo haleti papai. Maziwa yanahitaji ubaridi, kwa hiyo haleti maziwa. Duka la jirani linauza soda, biskuti, maandazi na sembe, vitu visivyooza, na mtoto akitumwa na hela ndogo anarudi na hivyo.

Maharage nayo yana hesabu yake. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kiko hapahapa ndani ya jiji, na moja ya mbegu zake za maharage inaitwa Uyole Njano. Lakini maharage yanataka moto wa saa kadhaa, na mkaa unanunuliwa kwa kopo. Ndiyo maana wapo wanaonunua maharage yaliyokwisha kuchemshwa, kikombe kimoja kimoja, kwa bei ambayo ukiikokotoa kwa kilo utashangaa. Mwenye hela ya gunia na jiko la gesi anakula maharage kwa bei nafuu. Asiyekuwa navyo anayanunua ghali kila siku.

Iringa hali inafanana, ila kilima kinaongeza gharama. Mji umekaa juu, Soko Kuu liko katikati yake. Anayeishi bondeni, upande wa mto Ruaha Mdogo, atapanda daladala kwenda na kurudi, na nauli hiyo ni mboga ya siku. Basi ananunua alipo, kwa bei ya alipo.

Tumeona pia hatari ya kutegemea soko moja kubwa. Huko Mbeya, soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na wafanyabiashara wakahangaika miaka mingi kabla ya soko jipya kufunguliwa. Soko la Sido nalo likaungua 2017. Wakati huo jiji lilikuwa linakua: sensa ya 2012 iliwakuta watu 385,000 hivi, ya 2022 ikawakuta zaidi ya 540,000. Wengi wa walioongezeka walijenga pembezoni, viwanja vilikokuwa bei ya chini. Barabara ziliwafuata polepole, umeme ukawafuata. Masoko hayakuwafuata.

Mwisho wa 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara nchi nzima na kupelekwa kwenye maeneo maalumu. Barabara zinahitaji kupitika, silipingi hilo. Lakini mama wa mboga anatakiwa kuwa karibu na jiko la mteja, na ukimpeleka mbali unamfukuzia mteja wake dukani kwenye biskuti. Alitakiwa kupewa nafasi mtaani kwake, na bado anatakiwa.

Kila halmashauri imeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe mbele ya Rais. Vizuri. Semina zifanyike, mabango ya makundi ya vyakula yabandikwe kliniki. Lakini mama aliyefundishwa kliniki asubuhi kwamba mtoto ale tunda, mboga na yai, jioni ataishia kwenye genge lilelile lenye nyanya na vitunguu.

Madiwani wa Mbeya na Iringa, hili liko ndani ya uwezo wenu. Hamhitaji jengo la ghorofa. Mnahitaji kipande cha ardhi katika kila kata kisichouzwa, paa la bati, meza za zege, bomba la maji, choo na taa, na ushuru unaomfaa mtu mwenye tenga moja. Na wewe msikilizaji uliyenunua kiwanja kwenye mradi wa upimaji, nenda ofisi ya ardhi ukaombe kuiona ramani. Eneo lililoandikwa soko likiwa limeshauzwa au limejengwa nyumba ya mtu, lipeleke jambo hilo kwenye mkutano wa mtaa, litajwe, liandikwe kwenye muhtasari, na mwenyekiti alifikishe kwa diwani kabla bajeti haijapitishwa.