Mabuu Nyumbani: Watokako na Jinsi ya Kuwazuia



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya jambo lizushalo ugomvi katika nyumba zetu za kupanga, nalo ni mabuu waonekanao sakafuni. Mpangaji humshuku jirani, mwenye nyumba humlaumu mama wa chumba kile, na wengine hunong'ona habari za uchawi.

Mabuu hawazaliwi na uchafu wenyewe. Mwaka 1668 mtaalamu wa Italia, Francesco Redi, alitia nyama vyomboni, vingine akavifunika na vingine akaviacha wazi. Nyama iliyofunikwa haikuingia mabuu. Iliyoachwa wazi ilijaa, kwa kuwa inzi walitaga humo.

Buu wa inzi wa nyumbani ni mweupe, hana miguu; mbele amechongoka, nyuma ni butu. Mama yake hutaga mayai kama 100 kwa mara moja katika taka zenye unyevu, samadi au chooni. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Buu akiisha kushiba huacha unyevu, akatafuta mahali pakavu apate kugeuka kiganda cha rangi ya kahawia, ambamo hutoka inzi. Basi buu wa sakafuni ni msafiri. Kumfagia tu hakutoshi. Ifuateni njia aliyojia. Tazameni pipa la taka, nyuma ya jiko, na darini, huenda panya amefia huko.

Wakati wa joto, toka yai hata inzi mzima ni siku 7 hadi 10. Taka zikiondolewa mara mbili kwa juma, kizazi hicho hukatika kabla hakijapata mbawa. Pipa liwe na kifuniko kinachobana, tundu la choo lifunikwe, na chakula kiwekwe chini ya kawa. Dawa ya kunyunyiza huua inzi arukaye, lakini pipa likibaki wazi watazaliwa wengine.

Yuko na inzi mwingine katika sehemu nyingi za Afrika, atagaye juu ya nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Buu wake hupenya ngozi akafanya uvimbe kama jipu. Hapo hata mama mfuaji hodari hupatwa. Nguo zianikwe juani zikauke kabisa, kisha zipigwe pasi pande zote, hasa penye mishono.

Wazee wangu, inzi atokaye chooni hutua katika uji wa mtoto, na kuhara huwaua watoto wachanga. Chumba kimoja hakiwezi kujikinga peke yake, maana pipa ni la wote na choo ni cha wote. Kwa hiyo Halmashauri yaomba kila nyumba ipange zamu ya pipa na choo, chumba kwa chumba, na mwenye nyumba awemo katika zamu hiyo. Tukianza hivyo, lawama zitapungua na watoto watapona.

Hayo ndiyo niliyotumwa.