Bomu la Baharini Halina Macho: Wajibu wa Anayelitawala

(Haya ni maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mabaharia na askari, yaani mabomu yanayotegwa baharini, na hasa vituo vinavyojengwa ili kuyaangalia na kuyatawala. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hili lamhusu nini mwalimu wa hesabu au karani wa wilaya. Nitawajibu kwa mfano ulio karibu nasi.

Mwezi Machi 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kupamba moto, mabomu ya baharini yalionekana yakielea ovyo katika Bahari Nyeusi. Moja lilikutwa karibu na mlango wa Bosporus, na wanamaji wa Uturuki wakaliharibu. Katika mlango huo hupita meli zinazobeba ngano ya mataifa yale, na sehemu ya ngano hiyo huliwa hapa Afrika Mashariki. Bomu lile halikujua vita vinahusu nini. Halikuweza kutofautisha manowari na meli ya ngano. Lilingoja tu kuguswa. Basi swali la nani anayelitawala bomu lililoko baharini lina uhusiano na mkate wa mwananchi aliye mbali kabisa na vita.

MABOMU YA AINA MBILI

Yapo mabomu ya baharini ya namna nyingi, lakini kwa mazungumzo yetu yatosha kuyagawa mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni la mabomu yanayolipuka yenyewe. Bomu la zamani la namna hii ni pipa la chuma lililojaa baruti, lenye pembe kadhaa, nalo hufungwa kwa mnyororo kwenye nanga iliyoko chini. Ndani ya kila pembe mna kichupa cha tindikali. Meli ikiigonga pembe, kichupa huvunjika, tindikali huzalisha umeme, na bomu hulipuka. Mtego huo ni kama mtego wa panya uliowekwa gizani: hauulizi aliyeukanyaga ni panya au ni mtoto wa mwenye nyumba. Mnyororo ukikatika kwa dhoruba, bomu husafiri na mkondo hadi kusikojulikana.

Fungu la pili ni la mabomu yanayotawaliwa. Haya huunganishwa kwa waya mrefu na kituo cha nchi kavu, na hayalipuki mpaka mtu aliyemo kituoni apitishe umeme. Umeme ukikatwa, meli za biashara na ngalawa za wavuvi hupita juu yake kwa salama. Adui akija, mwangalizi humwona, humpima, kisha huamua.

Wazo hili si geni. Mmarekani Samuel Colt, ambaye watu wengi humjua kwa bastola zake, alilipua vyombo kwa waya wa umeme kuanzia mwaka 1842, na mwaka 1844 akaonyesha ustadi huo mjini Washington. Katika vita vya Crimea, mwanasayansi Jacobi aliwatengenezea Warusi mabomu ya kulipuliwa kwa umeme kutoka pwani. Mwaka 1859 Waustria waliokuwa wakiulinda mji wa Venice walibuni kituo cha ajabu: chumba chenye giza ambamo kioo kiliakisi sura ya bandari juu ya meza. Juu ya meza hiyo walitia alama mahali pa kila bomu. Taswira ya meli ikifika penye alama, mwangalizi alijua bomu lipi la kulipua.

Haukupita muda mrefu kabla ya jambo hilo kumwaga damu. Tarehe 6 Mei 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, watu waliojificha ukingoni mwa mto James walipitisha umeme kwenye bomu lenye ratili 2,000 za baruti. Meli iitwayo Commodore Jones ilisambaratika pamoja na makumi ya mabaharia wake.

JICHO NA SIKIO LA KITUO

Sasa tutazame kituo chenyewe kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo mwalimu atakapopata somo la darasani.

Mabomu hupangwa kwa safu katika mlango wa bandari. Nyaya zake hukusanyika katika kasha lililozamishwa, na kutoka hapo waya mmoja mnene hutambaa chini ya bahari hadi kituoni. Pwani huwapo waangalizi wawili wenye darubini, waliosimama mbali mbali, na umbali kati yao umepimwa barabara. Kila mmoja hupima pembe anayoiona meli, kisha hupiga simu kituoni. Mistari miwili huchorwa ramanini, na pale inapokutana ndipo meli ilipo. Hii ni hesabu ya pembetatu ambayo kila mtoto wa sekondari huifundishwa, naye huuliza itamfaa nini maishani.

Lakini darubini haioni usiku, haioni katika ukungu, wala haiioni nyambizi. Kwa hiyo ilibidi jicho na sikio la kituo viteremshwe chini ya maji. Kwanza viliwekwa vinasa sauti sakafuni mwa bahari ili kusikiliza mvumo wa mitambo. Pili, ulitandazwa waya katika umbo la kitanzi kikubwa. Chombo cha chuma kina usumaku wake. Kikipita juu ya kitanzi hicho, umeme mdogo huzaliwa katika waya, na sindano ya chombo cha kupimia kituoni hucheza. Kanuni hiyo aliigundua Mwingereza Faraday mwaka 1831.

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 1918, nyambizi ya Kijerumani UB-116 ilijaribu kujipenyeza katika bandari ya Scapa Flow, kaskazini mwa Uskoti. Vinasa sauti viliisikia. Walinzi wa pwani waliingoja ifike juu ya mabomu, wakapitisha umeme, na wote waliokuwamo wakafa. Wakati huo sehemu kubwa ya manowari za Uingereza ilikwisha kuhamia bandari ya Rosyth, na vita vyenyewe vilikoma wiki mbili baadaye, tarehe 11 Novemba. Vijana wale walikwenda kuwinda manowari zisizokuwapo, katika vita vilivyokuwa vinamalizika. Kituo kilifanya kazi yake kama kilivyokusudiwa. Tukisifu ustadi wa mitambo, tusisahau pia kwamba huko ndiko unakofikisha.

SINDANO ILICHEZA, MTU HAKUSHTUKA

Mfano wa pili ni wa Australia, na nauona unatuhusu sana sisi wa ofisini. Usiku wa tarehe 31 Mei 1942, nyambizi tatu ndogo za Kijapani ziliingia bandari ya Sydney. Vitanzi vya waya vilikwisha kutandazwa langoni. Yapata saa mbili za usiku sindano ilicheza, ikaonyesha kwamba kuna chombo kimepita. Alama hiyo haikutiliwa maanani, kwa kuwa vivuko na vyombo vingine vilikuwa vikipita huku na huko. Karibu saa mbili baadaye ilicheza tena, na mara hii pia hakuna aliyetoa taarifa. Baada ya usiku wa manane nyambizi moja ilifyatua topido, ikaizamisha meli Kuttabul iliyokuwa makazi ya wanamaji. Watu 21 walikufa.

Ndugu zangu, waya haukukosea. Karatasi ya kituo ilikuwa na alama, tena mahali pake na kwa saa yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: je, saa hiyo kulikuwa na kivuko kilichopita? Ni mara ngapi katika maofisi yetu taarifa huwasili, hupigwa mhuri, hutiwa jaladani, na aliyeipokea akaridhika kwamba amekwisha timiza wajibu?

Upo pia upande wa pili wa shilingi, nao ni hatari ya kudhani kwamba kusikia ni sawa na kujua. Mwezi Oktoba 1982, Sweden, nchi ambayo wakati huo haikufungamana na upande wowote, iliwinda nyambizi ya kigeni katika maji ya Hårsfjärden, karibu na Stockholm. Mabomu yanayotawaliwa kutoka pwani yalilipuliwa, lakini hakuna nyambizi iliyokamatwa. Mwaka 1983 tume ilitamka kwamba wavamizi walikuwa Warusi. Mwaka 2001 uchunguzi wa Balozi Rolf Ekéus ulieleza kwamba ushahidi hautoshi kuitaja nchi yoyote. Taifa zima lilikuwa limejadili na kukasirika kwa miaka kumi na minane juu ya sauti zilizosikika majini. Sweden yenyewe ilijiunga na NATO mwaka 2024. Chombo hutuambia kwamba kuna kitu. Kusema kitu hicho ni cha nani kwahitaji ushahidi, na subira.

SHERIA YASEMAJE

Mataifa yalianza kulishughulikia jambo hili kwa uchungu. Katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 hadi 1905, mabomu mengi yalitegwa katika bahari ya pwani ya Uchina. Vita vilikwisha, mabomu yakabaki. Katika mkutano wa The Hague wa mwaka 1907, mjumbe wa Uchina alieleza kwamba raia wapatao 500 hadi 600 walikuwa wamepoteza maisha kwa mabomu hayo, wakiwamo wavuvi. Watu hao hawakuwa na ugomvi na Urusi wala na Japani.

Mkataba uliotokana na mkutano huo unakataza kutega mabomu ya kuelea yanayolipuka yakigongwa, isipokuwa yawe yameundwa ili yapoteze nguvu katika muda usiozidi saa moja tangu aliyeyatega alipoacha kuyatawala. Hali kadhalika, bomu la nanga lapaswa kupoteza nguvu mara linapokatika mnyororo. Yaangalieni vizuri maneno hayo, "alipoacha kuyatawala." Sheria inamtazama mwenye mkono. Mkono ukiondoka, bomu nalo halina budi kufa.

Kisha Mahakama ya Kimataifa ikaongeza neno zito. Tarehe 22 Oktoba 1946, manowari mbili za Uingereza, Saumarez na Volage, ziligonga mabomu katika mlango wa Corfu, ndani ya maji ya Albania. Watu 44 walikufa. Albania ilikana kuyatega. Mahakama ilipeleka wataalamu pwani wakapime waangalizi wa pale wangeweza kuona nini. Katika hukumu ya tarehe 9 Aprili 1949 ilisema kwamba mabomu yale yasingeweza kutegwa bila Albania kujua, na kwa kuwa ilijua na haikuwaonya wapita njia, imewajibika. Lakini Mahakama haikuliacha taifa kubwa litembee na ushindi mtupu. Ilitamka pia kwamba Uingereza, ilipoingia mwezi Novemba 1946 kuyaondoa mabomu hayo bila ruhusa, iliuvunja uhuru wa Albania.

Marekani nayo ilipotega mabomu katika bandari za Nicaragua mwaka 1984, Mahakama hiyo hiyo iliihukumu tarehe 27 Juni 1986. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kwamba haikutangaza kuwapo kwa mabomu hayo. Kwa hiyo mdogo kwa mkubwa, sheria ni moja: ukiwa na jicho pwani una wajibu wa kusema ulichokiona, na ukitega lazima uonye.

TUNAJIFUNZA NINI

Wapo watakaosema kwamba vituo vya waya vimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba mabomu ya leo yana vifaa vya kuhisi usumaku, mvumo na mgandamizo wa maji, na mengine huweza kuchagua meli ya kuilipua bila kumwuliza mtu. Lakini hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Kwa zaidi ya karne moja wahandisi na wanasheria walihangaika kumweka binadamu kati ya bomu na meli. Tukimwondoa kwa sababu mashine ina kasi kuliko yeye, tutakuwa tumerudi kwenye mtego wa panya, ila mtego wenyewe sasa ni wa gharama kubwa zaidi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Tatizo la bahari ni kwamba kisima hicho husafiri, na anayeingia huwa mara nyingi ni mvuvi wa nchi nyingine.

Nawaomba walimu walichukue jambo hili darasani. Mviringo wa waya, kipande cha sumaku na kipima umeme kidogo vyatosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi sindano inavyocheza. Baada ya kumwonyesha, mwulizeni swali lililo gumu zaidi: sindano ikicheza usiku, na wewe peke yako ndiye uliye zamu, utafanya nini?

Nanyi watumishi wa umma, swali hilo ni lenu pia kila siku ya kazi. Kila ofisi ina sindano yake: malalamiko ya mwananchi, hesabu isiyolingana, daraja lililoanza kupasuka. Aliye zamu anapaswa kuiona, kuihakikisha, kumwarifu anayehusika, na kuandika jina lake chini ya alichokiamua. Akifanya hivyo, hata akikosea, kosa litajulikana ni la nani na litarekebishika. Asipofanya hivyo, watakaolipa ni watu ambao hawakujua hata kwamba yeye yuko zamu.