Kabla ya Kununua Vidonge, Mume Apimwe

Mazungumzo na wakazi wa Kosele, Kaunti ya Homa Bay



Ndoa ikikaa miaka miwili bila mtoto, macho yote humgeukia mke. Ndiye anayepelekwa kliniki, kwa mganga na kwenye maombi. Wengine hurudishwa kwao, wengine huletewa mke mwenza. Mume huachwa kando, ingawa katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo yeye pia huwa na tatizo. Akianza kujishuku, haendi hospitalini. Anapita dukani kimyakimya na kutoka na chupa ya vidonge.

Ndani ya chupa hizo mara nyingi mna vitamini C na E, zinki, seleniamu na asidi ya foliki. Huitwa antioksidanti. Wazo lenyewe si la kipuzi: mwili hutoa kemikali kali za oksijeni, na mtu akivuta sigara au akiwa na maambukizi huzidi, zikaharibu mbegu za kiume. Antioksidanti huzipunguza makali. Lakini je, huleta mtoto?

Huko Marekani walipima. Katika utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2020, wanaume 2,370 waliotafuta mtoto na wake zao waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilimeza zinki na asidi ya foliki kila siku kwa miezi 6; jingine lilipewa vidonge visivyo na dawa. Waliopata mtoto walikuwa 34 kwa kila 100 upande wa dawa, na 35 upande wa pili. Kilichoongezeka kwa waliomeza dawa ni maumivu ya tumbo na kichefuchefu. Mwaka 2022 wachunguzi wa Cochrane walipitia tafiti 90 wakasema huenda antioksidanti zikasaidia, ila ushahidi ni hafifu. Huo ndio ukweli wote, na hautoshi kumfanya mtu auze kuku.

Kinachofaa ni kipimo cha shahawa. Mume hukaa siku 2 hadi 7 bila kujamiiana, kisha hutoa sampuli kwenye chombo safi cha maabara. Si ndani ya kondomu ya kawaida, kwa maana huweza kuua mbegu. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa. Hapo ndipo chanzo hutafutwa: mishipa ya korodani iliyovimba, ambayo huweza kupasuliwa, kisonono kilichoachwa bila tiba, au sindano za testosteroni ambazo vijana hudungwa wajenge misuli, na ambazo husimamisha utengenezaji wa mbegu. Vidonge vya dukani haviondoi hata kimoja kati ya hivyo. Navyo hupoteza miezi, na umri wa mke haungoji.

Wanandoa waliojaribu mwaka mzima, au miezi 6 ikiwa mke amepita miaka 35, waende kituo cha afya pamoja, waombe kuelekezwa kwenye hospitali yenye kipimo hicho. Wakati huo mume aache sigara na apunguze pombe, kisha asubiri: mbegu mpya huchukua takriban miezi 3 kukomaa. Osuga, nyanya, mapapai, omena na viazi vitamu vya Kabondo viendelee kuliwa; vitamini na madini mengi yanayouzwa kwenye chupa yamo humo.

Aliyekwisha kununua vidonge asivifiche. Aende na chupa yake, daktari asome kilichoandikwa.