Filta ya Petroli Isifungwe Karibu na Injini

Mazungumzo ya usalama kwa mafundi na wenye magari ya zamani



Volkswagen Beetle ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na hadi leo gari hili lingali barabarani nchini Kenya. Wapo waliolirithi kwa wazazi, na wapo wanaolinunua likiwa bovu ili walifufue. Lakini gari lililodumu miaka yote hiyo laweza kuteketea kwa dakika chache kwa sababu ya filta ndogo ya petroli iliyofungwa mahali pasipofaa.

Filta yenyewe ni ya lazima. Tangi la zamani hushika kutu, na chembe za kutu zikifika kwenye kabureta huziba vijitundu vyake. Gari hukosa nguvu mlimani au huzima njiani. Fundi mwenye haraka huifunga filta kati ya pampu na kabureta, kwa kuwa hapo ni rahisi kufikia. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Injini hutetemeka, filta huning'inia, na uzito wake huvuta kijibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta. Kikichomoka, petroli humwagika juu ya injini yenye joto, karibu na distribyuta yenye cheche. Isitoshe, bloku ya injini hii ni ya mchanganyiko wa magnesiamu. Ikishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima.

Mahali salama ni chini ya gari, kando ya giaboksi, kabla paipu haijaingia kwenye chumba cha injini.

Wakati wa kununua, ichaguliwe filta ndogo ya gari la kabureta. Ile ya injini ya injeksheni imetengenezewa presha kubwa, na mara nyingi midomo yake ni mipana kuliko paipu za Beetle. Mpira uwe wa petroli, si wa maji, na ushike paipu sawasawa kabla ya klipu kukazwa.

Kazi ifanyike hivi:

1. Injini iwe baridi, na gari liwe mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara.
2. Waya wa betri ufunguliwe. Betri iko chini ya kiti cha nyuma.
3. Gari liwekwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi.
4. Mpira ubanwe kabla ya kukatwa, kwa sababu tangi liko mbele, juu ya paipu, na petroli itateremka yenyewe.
5. Mshale wa filta uelekee kwenye injini. Klipu zikazwe pande zote mbili.
6. Raba inayolinda paipu inapopenya bati la injini ikaguliwe. Isipokuwepo, bati hukata paipu polepole.
7. Betri irudishwe, injini iwashwe, na kila kiungo kikaguliwe. Harufu ya petroli ikisikika, injini izimwe mara moja.

Mpira uliopasuka au kukauka ubadilishwe bila kungoja sevisi. Ndani ya gari kuwe na kizimamoto cha unga. Moto ukizuka, watu watoke kwanza, wakae mbali, kisha wapige 999 au 112.

Beetle nyingine hupatikana. Maisha hayana spea.