UDUGU HAUFUTI MKATABA: HAKI ZA MFANYAKAZI NA AMANA YA MWAJIRI

(Mazungumzo yaliyotolewa msikitini kwa vijana na wazazi, baada ya swala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mada niliyopewa leo ni haki za mfanyakazi. Huenda kuna anayejiuliza, mambo ya leba yameingiaje msikitini, tena Ramadhani? Jawabu ni jepesi. Mtu anajizuia maji ya halali tangu alfajiri, kisha jioni anafuturu kwa pesa za mshahara wa mtu aliouzuia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari tunaelezwa kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, kisha asimlipe. Basi hili ni suala la dini kabla halijawa la mahakama.

MKATABA WA NABII MUSA

Wengi wetu hapa tumeajiriwa au tumeajiri kwa njia ya udugu. Kijana amemaliza shule, mjomba ana duka la nguo, anaambiwa njoo ukae hapa. Au tajiri ni mtu wa msikiti mmoja na babake. Hakuna barua, hakuna mshahara uliotajwa, na akiuliza anaambiwa, "Kwani sisi hatuaminiani?"

Hebu tuitazame Sura ya Al-Qasas. Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyana akiwa mkimbizi, hana kitu, yule mzee alitaka kumuoza binti yake na kumpa kazi. Walikuwa wanakwenda kuwa mkwe na mkwewe, na udugu gani wa karibu kuliko huo? Pamoja na hayo walitaja masharti kabla ya kazi kuanza: miaka minane ni lazima, ikifika kumi ni hiari ya Musa, na mzee akasema hataki kumtaabisha. Kisha wakamfanya Allah kuwa shahidi juu ya waliyokubaliana.

Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mshahara ambao haujalipwa ni deni. Kwa hiyo anayeomba maandishi hajamvunjia mtu heshima. Ametaka kuulinda udugu usije ukavunjika mbele.

SHERIA YA KENYA YASEMAJE?

Sheria kubwa hapa ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008. Juu yake iko Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa uadilifu kazini. Sheria hii haibagui duka kubwa na duka dogo, wala haimtoi mfanyakazi wa nyumbani. Nitataja yale ambayo watu huuliza zaidi.

1. Maandishi. Kazi ya miezi 3 au zaidi ni lazima iwe na mkataba ulioandikwa, na wa kuuandika ni mwajiri (kifungu cha 9). Sasa kama hakuuandika? Wengi hudhani asiye na barua hana kesi. Ni kinyume chake. Mkifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa mkataba, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai uko juu yake yeye (kifungu cha 10).

2. Kibarua wa kudumu. Kuna vijana wanaitwa vibarua mwaka wa tatu sasa, wanalipwa kila jioni. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi 3, sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi. Hawezi kuambiwa "kesho usije". Ana haki ya notisi ya siku 28 kwa maandishi, au alipwe badala yake.

3. Mapumziko. Siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7. Likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka kwa mshahara kamili. Mama aliyejifungua ana miezi 3 na baba wiki 2, wote kwa mshahara kamili. Aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo akiugua na akaleta cheti cha daktari, ana siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka.

4. Makato. Mali ikipotea dukani, tajiri hawezi kugawa hasara kwa kila mtu aliyekuwa zamu. Sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa yule aliyeharibu au kupoteza mali kwa kusudi, na upungufu wa pesa kwa yule ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa na upungufu umetokana na uzembe wake au kukosa uaminifu. Na makato yote yakijumlishwa yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Tena angalieni: kuna mwajiri anayekata pesa za NSSF na za SHA, ile bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, lakini hazipeleki. Siku mtoto amelazwa ndipo mtu agundue kadi yake haifanyi kazi. Kila baada ya miezi michache, hakikisha pesa zako zimefika.

5. Kufutwa. Mwajiri anayemfuta mtu kwa kosa, kwa uzembe au kwa udhaifu wa afya ni lazima kwanza amueleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na amsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama upande wake (kifungu cha 41). Kumfuta mtu kwa simu si kumsikiliza. Sababu ikikosekana au utaratibu ukirukwa, mahakama inaweza kuamuru alipwe fidia hadi mishahara ya miezi 12. Na hata aliyefukuzwa kwa kosa kubwa kabisa, siku alizofanya kazi ni zake. Lazima alipwe.

MAMA ZETU, TUJIANGALIE NYUMBANI

Twapenda kuwalaumu matajiri wa viwandani, lakini tuliokaa hapa wengi ni waajiri. Yule dada wa kazi aliyeko jikoni saa hii anakaanga sambusa ni mfanyakazi kwa mujibu wa sheria ile ile.

Ramadhani kazi yake huzidi maradufu. Huamshwa saa kumi kasoro kupasha daku, mchana anafua na kulea, Alasiri anaingia kwenye futari, tukirudi tarawehe anaosha vyombo hadi saa tano za usiku. Huenda naye amefunga. Agizo la jumla la mishahara linaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52 kwa siku 6. Kinachozidi hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Nani kati yetu amewahi kuzihesabu saa zake?

Na mshahara? Agizo lililoanza tarehe 1 Novemba 2024 liliweka kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi na Mombasa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kima hiki hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hivyo ulizeni ofisi ya leba kilichoko sasa. Nyama iliyobaki na kanga ya Idd ni hisani, nayo haihesabiwi kuwa mshahara. Na tusiseme pia kwamba binti wa watu tumeletewa "kumsaidia". Sheria inakataza kumwajiri mtoto ambaye hajatimiza miaka 13 kazi yoyote ile, na wa miaka 13 hadi 16 ni kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumkosesha masomo.

Mtume (S.A.W.) amewaita walio chini ya mikono yetu kuwa ni ndugu zetu, walishwe tunachokula, wasitwishwe wasichokiweza, na tukiwatwisha basi tuwasaidie. Anayetaka thawabu za kumfuturisha aliyefunga, aanze na yule aliyempikia.

NA MFANYAKAZI NAYE

Haki ina pande mbili. Katika sura ile ile ya Al-Qasas, sifa alizosifiwa Musa kuwa anafaa kuajiriwa ni nguvu na uaminifu. Kijana anayelala stoo kwa sababu amefunga anakula mshahara wa bure. Anayeondoka bila notisi kwa kuwa ameahidiwa mia tano zaidi kwengine naye amevunja ahadi, na sheria inamtaka alipe mshahara wa muda wa notisi ile. Saumu haimpunguzii mtu amana.

MASWALI YALIYOULIZWA

Tajiri wangu hanipi ruhusa ya swala ya Ijumaa. Nifanyeje?

Katiba, kifungu cha 32, inalinda haki ya kuabudu na kuadhimisha siku ya ibada, na inasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya dini yake. Lakini usitoke kimya kimya, kwa kuwa kukosekana kazini bila ruhusa kunaweza kuhesabiwa kosa kubwa. Andika barua ya adabu, taja saa unazohitaji, na ujitolee kuzifidia kwa kuingia mapema au kuchelewa kutoka. Weka nakala. Wengi hukubaliana hapo hapo. Akikataa, ile nakala ndiyo ushahidi wako.

Niliambiwa nivue hijabu ndio niajiriwe. Je, ni halali?

Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, na mavazi yametajwa humo kwa jina. Sheria ya Ajira nayo inakataza ubaguzi wa dini tangu wakati wa kuajiri. Kama ni kazi ya mashine na hofu ni usalama, zungumzeni juu ya mtandio uliofungwa vizuri usioning'inia.

Niliajiriwa dukani mwanzo wa Rajab, nikaachishwa siku ya pili ya Idd. Nina haki gani?

Kama mlikubaliana tangu mwanzo kwamba kazi ni hadi Idd, mkataba umekwisha kwa muda wake, alimradi umelipwa siku zako zote. Kama hamkukubaliana hivyo, wewe umepita mwezi kwa mbali. Dai notisi yako, mshahara uliobaki, na cheti cha utumishi, ambacho kila aliyefanya kazi wiki 4 au zaidi ana haki nacho.

Tajiri ni Muislamu mwenzangu na jirani. Si vibaya kumshtaki?

Sulhu ni kheri. Anzeni kwa mazungumzo, kisha wazee, kisha imamu. Lakini nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo vijana wengi wanapopoteza haki yao. Sulhu haisimamishi saa ya sheria. Malalamiko ya kufutwa hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3, na kesi mahakamani isipite miaka 3. Mtu anaambiwa, "Subiri tumalize mfungo," kisha, "Subiri nitoke Hija," na mwisho mlango umefungwa. Basi peleka malalamiko mapema na uendelee na sulhu. Mkipatana, wafahamishe leba kwamba mmepatana. Wala usitie sahihi karatasi ya kusema huna madai tena kabla ya kulipwa na kuisoma yote.

Mimi sina karatasi hata moja. Nitathibitisha vipi?

Una ushahidi kuliko unavyodhani. Ujumbe wa M-Pesa wa mshahara ni ushahidi. Ujumbe wa simu wa kukupangia zamu, kitabu cha kutia sahihi, picha ukiwa kazini, mwenzako uliyefanya naye kazi, vyote husaidia. Usivifute. Nunua daftari la shilingi chache, uandike siku uliyoanza, mshahara mliotaja, na kila siku uliyofanya kazi.

MWISHO

Ndugu zangu, kabla Idd haijaandama, naomba kila mmoja afanye jambo moja. Aliyeajiri akae na anayemfanyia kazi, waandike kwenye karatasi kazi ni ipi, mshahara ni kiasi gani, siku ya mapumziko ni ipi, watie sahihi wote wawili, kila mtu abaki na nakala. Kama kuna mshahara wa nyuma, ulipwe sasa, maana mwenye kudai naye ana watoto wanaosubiri nguo za Idd. Na aliyeajiriwa aombe karatasi hiyo kwa adabu, bila hofu.

Twamuomba Allah (S.W.T.) atukubalie saumu zetu, atubarikie katika riziki za halali, na asitujaalie kukutana Naye tukiwa na jasho la mtu shingoni. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.