Msomee, Kisha Mngoje



Mtoto mdogo anaposomewa kitabu, kinachomjenga zaidi ni zamu yake ya kusema. Sisi wakubwa tunaukimbilia ukurasa wa mwisho. Akinyoosha kidole kwenye picha tunamwambia, "Tulia, sikiliza," na hapo tumemnyamazisha aliyekwisha kuanza kusoma.

Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Long Island, New York. Wazazi wote waliwasomea watoto wao, ila kundi moja lilifundishwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kulipokea jibu la mtoto na kulirefusha kidogo. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi hilo waliwazidi wenzao katika kujieleza. Miezi tisa baadaye tofauti ilikuwa bado ipo.

Tuseme mama ametoka kuchuma kahawa, ameketi mkekani na binti yake wa miaka mitatu. Kitabuni kuna mbuzi na ndoo iliyopinduka.

"Kumetokea nini hapa?"

Kimya. Mama asijibu, ahesabu moyoni mpaka tano.

"Maji."

"Ehee, maji yamemwagika! Nani kayamwaga?"

"Mbuzi."

"Mbuzi kapiga ndoo pembe, maji yakamwagika. Mwenye ndoo akija atasemaje?"

Swali hilo la mwisho halina jibu kitabuni. Mtoto atalibuni mwenyewe. Hapa kwetu Mlowo, akilijibu kwa Kinyiha au Kinyamwanga, lipokee kwa lugha hiyohiyo, kisha umpe na Kiswahili chake, maana shuleni KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) itamkuta kwa Kiswahili, na herufi humwelea upesi mtoto ambaye maneno tayari anayo.

Wala hili si geni kwetu. Bibi aliyesema "Kitendawili!" akaitikiwa "Tega!" hakukitegua papo hapo. Aliwaacha watoto wahangaike, wakose, wabishane, na waliposhindwa kabisa akadai apewe mji. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza vivyo hivyo juu ya picha, na mwanawe asipungukiwe.

Najua vitabu ni haba. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukihimiza uandishi na uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili tangu 1991, lakini nyumba nyingi bado hazina hata kimoja. Hicho kimoja kikipatikana, kinatosha mwezi mzima. Siku za mwanzo muulize anaona nini. Akishakizoea, muulize kwa nini. Akikichoka, akusomee yeye.

Ombi langu kwa walimu wa darasa la awali ni hili. Vitabu vilivyofungiwa kabatini ili visichakae, naomba vichakae. Mtoto aondoke na kimoja Ijumaa, akirudishe Jumatatu. Kikirudi na alama za vidole vya ugali, mpokeeni bila kumgombeza, mumpe kingine.